Timu 16 au 20? Tunabishania Kitu Kisicholipa Mishahara

Kila dirisha la usajili likikaribia, vijiwe vya soka hugawanyika. Kuna wanaotaka Ligi Kuu Tanzania Bara, yenye timu 16, irudi timu 20 ili mikoa mingi ionje. Wengine wanataka ipunguzwe hadi 14 au 12, zicheze raundi nyingi zaidi, ubora upande. Wote wanaamini idadi ya timu ndiyo dawa ya ukata. Mimi naona tunapima homa kwa rula.

Chukua klabu ya mkoani kwenye ligi ya timu 16. Ina mechi 15 za nyumbani, na mbili tu kati ya hizo ndizo zinazojaza uwanja: Simba ikija, na Yanga ikija. Iweke klabu hiyohiyo kwenye ligi ya timu 20. Sasa ina mechi 19 za nyumbani, na zinazojaza uwanja ni zilezile mbili. Ulichoiongezea ni mechi nne ambazo kiingilio chake pengine hakitoshi kuwalipa walinzi wa mlangoni na gari la wagonjwa, pamoja na safari nne za ugenini.

Na safari ndiyo inayomaliza klabu. Tuseme msafara ni watu 28: wachezaji 20, wengine benchi la ufundi, daktari, mtunza vifaa na dereva. Wakilala usiku tatu kila safari, safari 15 zinahitaji vitanda 1,260 kwa msimu. Safari 19 zinahitaji 1,596. Hapo sijahesabu dizeli, chakula, wala posho. Timu ya Dar es Salaam ina nafuu, maana baadhi ya mechi zake za ugenini ni za kuvuka daraja na kurudi nyumbani kulala. Mashujaa ya Kigoma haina nafuu hiyo. Kutoka Kigoma hadi Dar ni zaidi ya kilomita 1,200, na ratiba ikiipeleka Ruangwa kwa Namungo, ikifika Dar bado ina mwendo mrefu wa kwenda Lindi.

Jaribio la timu 20 tulishalifanya, halihitaji nadharia. Msimu wa 2018/19 ligi ilianza na timu 20, mechi 38 kwa kila moja, na haikuwa na mdhamini mkuu kwa kuwa kampuni ya simu ya Vodacom ilikuwa imeondoka. Tazama waliokuwemo: Ndanda ya Mtwara, Lipuli ya Iringa, Mbao na Alliance za Mwanza, Stand United ya Shinyanga, African Lyon, Singida United. Msimu wa 2025/26 wa Ligi Kuu ulianza bila hata mmoja wao. Sasa tazama waliokuwemo msimu ule na ambao msimu wa 2025/26 ulianza nao: JKT Tanzania, Tanzania Prisons, KMC, Mtibwa Sugar, Mbeya City. Jeshi, magereza, halmashauri, kiwanda, jiji. Kuna taasisi nyuma ya kila mmoja, na hata aliyeshuka, kama Mtibwa na Mbeya City, alikuwa na mgongo wa kuegemea hadi akarudi. Coastal Union, klabu ya wananchi iliyodumu, ndiyo inayoharibu hesabu yangu kidogo, na Ruvu Shooting nayo ilishuka pamoja na uaskari wake. Lakini mwelekeo unaonekana: klabu ya wananchi isiyo na taasisi nyuma yake ndiyo huzama kwanza, na haikuzama kwa sababu haikujua mpira.

Kuna jibu la haraka ambalo hupenda kutolewa hapa: "Azam wanatoa pesa." Ni kweli. Mkataba wa haki za matangazo wa Azam Media uliotangazwa mwaka 2021 ni wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10. Benki ya NBC nayo mwaka 2023 iliongeza mkataba wa udhamini kwa miaka mitano, bilioni 32.6. Hesabu ya kijiweni juu ya fedha za Azam: gawa kwa 10, halafu kwa 16, unapata bilioni 1.41 kwa klabu kwa mwaka. Gawa kwa 20, unapata bilioni 1.128. Klabu haipati kiasi hicho kamili, maana zawadi za washindi zimo humohumo, lakini hesabu inatosha kuonyesha jambo moja: kila klabu ingepungukiwa kama milioni 282 ili tu ipate nafasi ya kusafiri zaidi. Anayetaka timu 20 atuambie kwanza pengo hilo ataliziba kwa nini.

Ila hata kwenye timu 16, fedha hiyo peke yake haiokoi klabu. Kasoro iko kwenye kalenda. Mshahara unadaiwa miezi 12. Mlango unaingiza kitu siku mbili kwa msimu, na siku hizo hujui zitaangukia lini, kwa sababu Simba na Yanga zikiwa kwenye mashindano ya CAF, shirikisho la soka Afrika, mechi zao zinageuka viporo, yaani zinaahirishwa. Klabu iliyopanga kulipa mishahara ya Novemba kwa kiingilio cha Yanga inaambiwa mechi imesogezwa hadi Februari. Hapo ndipo mgomo wa mazoezi unapozaliwa. Isitoshe, viwanja vingi vya mikoani ni vya CCM (Kirumba, Sokoine, Mkwakwani, Ali Hassan Mwinyi, Lake Tanganyika), kwa hiyo hata siku uwanja unapofurika, klabu ni mpangaji.

Kinachofuata baada ya mishahara kukwama kinajulikana. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi miwili anaandika barua ya kudai na kutoa siku 15. Zikipita, ana haki ya kuvunja mkataba na kudai fidia. Kama ni mgeni, shauri linakwenda FIFA. Akishinda, klabu ina siku 45 za kulipa, isipolipa inafungiwa kusajili, hadi madirisha matatu mfululizo. Mtanzania mwenye madai yaleyale anapita kwenye kamati za TFF, shirikisho la soka nchini. Ndiyo maana katika klabu nyingi mgeni hulipwa kwanza na mzawa huambiwa avumilie. Si chuki, ni hofu ya FIFA.

Na deni dogo linaweza kuleta aibu kubwa. Agosti 2023, Kitayosce, ambayo baadaye iliitwa Tabora United, ilifika uwanja wa Chamazi, Dar es Salaam, kucheza na klabu ya Azam FC ikiwa na wachezaji wanane tu wenye kibali, kwa sababu ya sakata la kufungiwa kusajili. Dakika 15 tu, mabao manne, wawili wakashindwa kuendelea, mwamuzi akamaliza mechi. Hiyo ilikuwa mechi yao ya kwanza kabisa Ligi Kuu.

Ningekuwa na kura, mageuzi yangu yangeanzia kwenye leseni ya klabu, yaani kibali cha kushiriki ligi. Vigezo vya CAF vipo tayari, na cha fedha kimo. Kinachokosekana ni meno. Kila klabu iweke dhamana ya mishahara ya miezi mitatu kwenye akaunti inayosimamiwa na Bodi ya Ligi kabla ya jina lake kuingia kwenye ratiba. Mfano: wachezaji 28 kwa wastani wa milioni moja, benchi na ofisi milioni 12, jumla milioni 40 kwa mwezi. Dhamana ni milioni 120. Mshahara ukichelewa siku 30, Bodi inamlipa mchezaji moja kwa moja, na klabu inapewa muda wa kuirudishia akaunti. Ikishindwa, haisajili dirisha linalofuata. Mzawa na mgeni wanalindwa sawa.

La pili ni fungu la safari, likatwe kutoka fedha za televisheni kabla hazijagawanywa, na ligawanywe kwa kilomita. Wa Chamazi watanuna. Wanune.

La tatu, kuhamisha klabu. Ihefu ilikuwa ya Mbarali, mwaka 2024 ikaamkia Singida ikiitwa Singida Black Stars. Kisheria hakuna kilichovunjwa, lakini shabiki wa Ubaruku aliyenunua jezi hana timu tena. Atakayehama mkoa aanzie daraja la chini. Najua kanuni hii itawafukuza baadhi ya wawekezaji, na mfumo wa hisa 51 za wanachama kwa 49 za wawekezaji unaozungumzwa kwa Simba na Yanga hauwezi kuwavuta kwenda Musoma. Bado naiunga mkono.

Pingamizi kubwa nalijua: dhamana hiyo ikisimamiwa kweli, klabu moja au mbili zitaikosa msimu wa kwanza. Basi nafasi ibaki wazi. Timu 15 zinachezeka: raundi 30, kila raundi timu moja inapumzika, kila klabu inacheza mechi 28. Na timu inayopumzika, ratiba ikipangwa kwa akili, inaweza kuwa ile iliyotoka Cairo usiku wa jana, na kiporo kimoja kikafutika kabla hakijazaliwa.