Kompyuta ya Jaani

Mimi nina ugonjwa, jamani. Nikiona kitu kimetupwa, moyo unanienda mbio utadhani nimenusa pilau ya harusi.

Juzi nimetumwa samaki. Napita nyuma ya ofisi moja (siitaji, mji wenyewe ni huu mmoja tunaopishana), nakuta wametoa vikorokoro vyao: viti vya plastiki visivyo na miguu, feni iliyokatika shingo, na katikati sanduku la chuma, rangi ya maziwa yaliyochacha. Usoni lina midomo miwili mipana ya kutilia diski. Ubavuni, kwa nyuma, swichi nyekundu kubwa kama ya kuzimia mashine ya kusaga. Kulishika tu nikajua hili si la leo. Kompyuta za leo ukizipiga kofi zinalia zenyewe. Hii ukiipiga kofi unalia wewe.

Samaki nikawasahau. Nikamwita mwenye punda. Sanduku likatiwa shogini upande mmoja, punda akalala ubavu kama jahazi lililopakiwa vibaya, ikabidi upande wa pili tutie mawe. Yaani nimelipa shilingi 300 na nusu yake nimebebewa mawe.

Mke wangu alikuwa amekaa dakani. Hakuuliza ni nini. Aliuliza, "Samaki yuko wapi?"

Alasiri barazani ndiyo usiseme. Mmoja ataka kujua kama inaingia WhatsApp. Mwingine, tena mwalimu mstaafu, kaapa kwamba ni mashine ya kupigia stensili. Na hapo ndipo roho inaponiuma. Mji wetu huu mzima ni mkuukuu! Ngome ile pale ilimalizwa mwaka 1821. Mwaka 2001 UNESCO wakautia Mji wa Kale kwenye urithi wa dunia, na watu wanapanda ndege kuja Lamu kupiga picha mlango wa jirani yangu ambao haujafunga tangu aoe. Mlango ukioza ni urithi. Kompyuta ikishika kutu ni taka. Sawa.

Kibandiko cha jina kilikuwa kimebanduka, imebaki gundi tu. Nikampigia mpwa wangu anayesomea mambo haya Mombasa, nikamwonyesha kwa video.

"Mjomba, hiyo ni ya kampuni ya IBM. Lakini ipi? Iko 5150, ile ya kwanza iliyotoka Agosti 1981, na iko 5160, waliyoiita XT, ya 1983. Tazama nyuma. Ile ya kwanza ina matundu mawili ya duara, moja la kibodi, moja la kaseti."

"Kaseti gani?"

"Kaseti, mjomba, kama zile za taarabu. Walikuwa wakihifadhi kazi zao humo."

Mke wangu, mwenye boksi zima la taarabu chini ya kitanda, akainua kichwa mara ya kwanza siku ile. Nikatazama nyuma. Tundu moja. Nikatazama tena kwa miwani. Moja. Barazani wakacheka mpaka kahawa ikamwagika, na mimi ndiye niliyetangulia kutangaza 1981.

Sikulala. Asubuhi nikasema naifungua. Parafujo zimekamatana na kutu ya chumvi ya bahari, bisibisi inateleza tu. Nikaenda kwa mafundi wa majahazi nikaomba sifa kidogo, yale mafuta ya papa, nikazipaka. Parafujo zililegea, hilo nakubali. Lakini anayejua harufu ya mafuta hayo ndani ya nyumba isiyo na upepo atamwelewa mke wangu alivyoondoka kwenda kwa dadake mpaka magharibi.

Ndani: mchanga, mayai mawili ya mjusi, na nafasi za kuchomekea kadi. Mpwa alikuwa ameniambia XT ina nafasi nane. Nahesabu: tano. Narudia kwa kidole: tano! Basi hii si XT! Sasa tundu la pili limekwenda wapi?

Nikaigeuza, nikamulika kwa simu. Pembeni ya tundu la kibodi kulikuwa na kiduara cha udongo kimesawazishwa vizuri, kushinda lipu ya chumba changu. Nyigu! Nikachukua sindano ya kofia, nikachokonoa polepole, kwanza vumbi, halafu buibui wakavu mmoja mmoja, akiba ya watoto wa nyigu, mpaka nikaona vijitundu vitano vimejipanga nusu duara. Nilipiga kelele, jirani akatoka kuuliza kama mwezi umeandama.

Kuna neno moja barazani sikulisema, na nyinyi msilipeleke: bodi, ule ubao mkuu wa ndani, imeandikwa 64KB-256KB, kipimo cha kumbukumbu yake. Bodi za mwanzo kabisa ziliandikwa 16KB-64KB, hii ilikuja 1983. Basi ni 5150, ila si kifungua mimba. Na hiyo kumbukumbu ya 256KB ndiyo ya kujaa kwenye bodi. Picha moja ya mawaridi ya "Ijumaa Njema" anayonitumia shemeji yangu kila wiki haitoshi humo.

Mpwa alinionya. "Usiiwashe, mjomba. Ni ya volti 120, na vile vikapasita vidogo vya kushikia umeme, mfano wa punje za kunde, vikilala miaka, ukiviamsha ghafla vinapasuka." La volti nikalisikia, nikaazima transfoma. La kunde likapita sikio la pili.

Feni ilinguruma, wallahi, kama sekunde mbili. Mke wangu, aliyekuwa ndiyo kwanza amerudi, akasogea karibu na kaseti yake mkononi. Kisha PAA! Moshi ukapanda mpaka kwenye boriti. Paka aliruka ukuta, hajaonekana mpaka leo.

Na kabla moshi haujatoka, mlango ukagongwa. Mwenye punda.

"Nimesikia waitupa. Kuteremka ni mia tano. Mawe utaleta yako."