Kilwa ndiyo iliyonifanya nitoe pesa

Kuna mwandishi aliyeandika kwamba vijana hununua gemu za kompyuta kwa kuvutiwa na video za matangazo. Kwa gemu za mikakati, sikubali. Europa Universalis IV, gemu ya kuongoza dola za kale iliyotoka 2013, niliinunua baada ya kusoma masimulizi ya mchezaji aliyechagua kuongoza Kilwa, usultani wa kale wa pwani yetu. Alianza 11 Novemba 1444, siku gemu inapoanzia, akaandika kama mwenye shajara: hazina tupu, majirani hawaaminiki, Mreno yuaja. Nilisoma hadi adhana ya alfajiri, hapa Majengo, Mombasa, nikicheka peke yangu. Sisi wenye Fort Jesus, ngome aliyoijenga Mreno, mlangoni, kumsoma Mreno akirudishwa baharini, hata kwa uongo wa kompyuta, si jambo dogo ati!

Tangazo hukuonyesha meli zikiwaka. Msimulizi hukuonyesha madeni na ile amri aliyoijutia miaka hamsini baadaye, ukajua kama una subira hiyo. Lakini naye huruka yanayochosha. Mimi nilifilisika kabla sijamwona Mreno hata mmoja. Tena alikuwa akichezea nyongeza zinazouzwa kando, wala hakuzitaja, nilizijua nishalipa.