Mwenye albamu alikuwa sikio la kushoto

Mi napiga besi kwenye maharusi hapa Tanga, mwaka wa tisa huu, na sijawahi kurudishwa njiani. Natanguliza hilo ili mjue sio mshamba wa muziki kihivyo. Ila kuna Mwalimu mmoja mtu mzima huku Ngamiani, mpuliza saksafoni, wapigaji wote tunamuogopa, na Jumapili baada ya alasiri huwa anaita vijana kwake kusikiliza santuri. Nikaambiwa ni jazz. Nikavaa shati la maua nikawahi, maana jazz Tanga tunaijua bana, Atomic Jazz, Jamhuri Jazz, magitaa yanajibizana, watu wanaserebuka mpaka viatu vinachanika.

Ikawekwa Kind of Blue ya Miles Davis, ya 1959. Nyimbo tano tu. Wenzangu wamefumba macho wanatikisa vichwa kama wako kwenye dhikri, mi nangoja sebene. Wimbo wa kwanza sebene haijaja, wa pili haijaja, wa tatu ndo ukawa pole pole kabisa kama mtu anabembeleza mtoto, nikasinzia na kikombe mkononi, kahawa ya moto yote pajani. Nikaruka. Mwalimu akafungua macho, "Umeonaje kijana?" Nikamwambia imenichoma Mwalimu, imenichoma kabisa. Hapo sikudanganya.

Shida ikaanzia hapo. Akajua nina sikio! Akanipa flashi, "Hii sikiliza nyumbani, Jumapili utatueleza." Albamu ya Free Jazz ya Ornette Coleman, mpuliza saksafoni wa Marekani, imerekodiwa New York Desemba 1960, ikatoka 1961. Wimbo mmoja. Dakika 37. Harusi nzima ya mtu inaisha na keki imekatwa.

Nikaiweka kwenye spika sebuleni. Mama alikuwa anakuna nazi uani, kama dakika kumi hivi akachungulia mlangoni na kifuu mkononi, "Hao wakimaliza kujiandaa wakaanza kupiga uniite." Nikaona aibu, nikahamia kwenye eafoni zangu za elfu tatu, zile ambazo upande wa kushoto ulikufa tangu Ramadhani, na kwa kweli nilishasahau kama ulikufa, maana mi nazitumia kupokelea simu tu. Nikasikiliza yote. Mara mbili! Na aisee safari hii haikuwa mbaya vile, nikaandika pointi kwenye daftari la michango ya harusi.

Jumapili imefika, shikamoo Mwalimu, marahaba, haya tupe maneno. Nikakohoa. Nikasema kwanza huyu Coleman ana mdundo mzito sana, analia chini huko kama honi ya meli inaingia bandarini. Mwalimu akakunja uso kidogo. Nikaona labda sijaeleza vizuri, nikaongeza, ila mimi kilichoniua ni ile sehemu ndefu katikati, wapulizaji wananyamaza, inabaki besi na dramu, mara moja moja mtu anachokoa kidogo kisha kimya, yaani kuna utulivu, wapigaji wa siku hizi hawajui kunyamaza, kweli watu wanne wakielewana inatosha.

"Watu wangapi?"

"Wanne, Mwalimu."

Kimya. Akaomba eafoni zangu. Akaweka sikioni ya kulia, akatikisa kichwa, akaweka ya kushoto, akanitazama kama daktari anayetafuta pa kuanzia. Kumbe albamu hiyo ina bendi mbili zinapiga kwa pamoja, watu wanane, wanne wamewekwa upande wa kushoto na wanne upande wa kulia. Coleman mwenyewe, mwenye albamu, jina lake kubwa pale juu, yuko kushoto. Mi sijawahi kumsikia hata kidogo. Ile honi ya meli ni Eric Dolphy na klarineti besi. Na ule utulivu ulioniua, pale wapulizaji waliponyamaza? Ndo solo ya Coleman, ndefu kuliko za wenzake wote.

Walicheka mpaka mmoja akatoka nje kushika mti. Jina langu sasa hivi ni Kulia, hata kwenye harusi MC ananitangaza hivyo na sijui nani alimwambia.

Mwalimu hakucheka lakini. Akaingia ndani akatoka na hedifoni zake kubwa zile za kufunika masikio yote, akanivalisha mwenyewe kama anamvisha bwana harusi kilemba, akaanzisha upya, akakaa mbele yangu. Yallah. Wale wanne nilikuwa nimeshawazoea, nimeshakuwa ndugu yao, sasa wamevamiwa na wengine wanne wenye hasira. Nikavumilia dakika tano, jasho linanitoka. Mwalimu akafumba macho kwa raha.

Taratibu nikajifanya najikuna, nikausogeza ule wa kushoto ukakaa nyuma ya sikio.