Ofiri haiko Sofala, tuache kuisambaza hiyo

Kila baada ya muda inazunguka upya kwenye magrupu ya WhatsApp ile meseji ndefu kwamba Ofiri, ile nchi aliyokuwa anapata dhahabu mfalme Sulemani, ni Sofala ya Msumbiji na migodi yenyewe ni Zimbabwe, na chini yake watu wanajaza emoji za makofi na "Afrika oyee". Mimi hiyo siipigii makofi, na sababu ya kwanza ni Biblia yenyewe, maana naona wengi wanaiforwadi bila kuifungua.

1 Wafalme 9 inasema merikebu zilitengenezwa Esion-geberi karibu na Elothi, yaani kule juu kabisa kwenye ghuba ya Akaba, mabaharia walikuwa watu wa Hiramu mfalme wa Tiro wakisaidiana na watu wa Sulemani, wakaenda Ofiri wakarudi na talanta 420 za dhahabu (2 Nyakati 8 inasema 450, waulizeni walimu wenu wa Sunday school). Talanta ni kilo 30 na kitu, kwa hiyo hapo tunaongelea zaidi ya tani 12, mzigo si mchezo. Lakini njia hakuna, siku za safari hakuna, hata kama walikata kulia au kushoto wakishatoka Bahari ya Shamu hatuambiwi. Sasa ile habari ya miaka mitatu, pembe za ndovu, nyani na tausi, ambayo ndo kila mtu anaishika kusema "si unaona, hii Afrika" au "si unaona, hii India", iko 10:22, na hebu usome taratibu, Ofiri haipo kwenye huo mstari kabisa, zinatajwa merikebu za Tarshishi tu. Kinachotoka Ofiri kwa jina lake ni dhahabu, miti ya msandali na vito, 10:11, basi. Watu wamegundisha mistari miwili wakapata ramani.

Mstari ninaoupa uzito mimi ni ule ambao hauna dhahabu wala meli, Mwanzo 10:29, Ofiri ametajwa katikati ya Sheba na Havila kwenye wana wa Yoktani, na ukipanda juu kidogo kwenye orodha hiyohiyo unamkuta Hasarmawethi, ambayo ni Hadhramaut, hukohuko walikotoka Washihiri wetu wa pwani. Sheba nayo ni Yemen. Orodha ile inataja watu na nchi zao kwa pamoja, na ukitafuta nyumba usiyoijua unaanza na majirani, na hao majirani wako Arabuni. Ndo maana mimi kura yangu iko upande wa Arabuni, pembezoni mwa Bahari ya Shamu au kusini yake, labda na ng'ambo yake kwenye pembe ya Afrika. Kule Saudia kuna mgodi unaitwa Mahd adh Dhahab, kusini mashariki ya Madina, ulichimbwa tangu zamani sana na miaka ya 1970 wanajiolojia wa Kimarekani walisema huo ndo mgodi wa Sulemani. Inawezekana, ila mgodi uko bara, na kuwa na dhahabu ya zamani peke yake hakutoshi kukupa jina la Ofiri. India nayo siidharau, Josephus, yule mwanahistoria Myahudi, aliiweka Ofiri upande huo toka karne ya kwanza. Na kwamba jina lenyewe si hadithi tupu hilo halina ubishi, kuna kigae cha karne ya 8 kabla ya Kristo kilipatikana Tell Qasile, pale Tel Aviv, kimeandikwa dhahabu ya Ofiri, kwenda Beth-horoni, shekeli 30. Kama risiti vile.

Sofala ilitokea wapi? Wareno. Walifika pwani hii, 1505 wakajenga ngome Sofala, wakakuta dhahabu inashuka kutoka bara, na jina linafanana na Sofira, ndivyo Biblia ya Kigiriki inavyoiandika Ofiri, wakaunga. Tatizo ni tarehe jamani. Sulemani ni karne ya 10 kabla ya Kristo, wakati ushahidi wa uchimbaji dhahabu kule nyanda za Zimbabwe unaanza milenia ya kwanza BAADA ya Kristo, na kuta za Great Zimbabwe, yale magofu ya mji wa mawe, zimejengwa kuanzia karne ya 11 hivi mpaka ya 15. Pengo la zaidi ya miaka elfu hulizibi kwa kufanana kwa majina.

Na hapa ndo panaponiudhi hasa. Hii stori unayoforwadi ukidhani unaitukuza Afrika ilitumika miaka na miaka kuinyang'anya Afrika. 1871 Mjerumani Karl Mauch anafika Great Zimbabwe, anaokota kibanzi cha mbao, ananusa anaona kinafanana na penseli yake ya mti wa mwerezi, basi tayari ni mwerezi wa Lebanoni na hapa ni kwa malkia wa Sheba. Wakaja wengine, eti Wafoinike (watu wa kale wa Tiro na pwani ya Lebanoni), eti Waarabu wa kale, yeyote yule ila siyo Washona na mababu zao. Mmoja, Richard Hall, alifukua tabaka zima la vitu vya wenyeji akatupa kama uchafu. Mwaka 1905 mwanaakiolojia Randall-MacIver akachimba akasema hii ni kazi ya Waafrika, ya enzi za kati, 1929 mwenzake Gertrude Caton-Thompson akarudia hivyohivyo, na bado serikali ya walowezi ya Rhodesia, ndo Zimbabwe ya leo, haikutaka kusikia, mpaka mwanaakiolojia Peter Garlake akaondoka nchini 1970 kwa kubanwa kwenye jambo hilihili.

Halafu sisi leo, kwa furaha zetu, tunaileta tena kwenye simu.

Kama unataka dhahabu ya Sofala ipo, na ni yetu bila kumuazima Sulemani. Masultani wa Kilwa waliishika ile biashara, sarafu ya Kilwa ya al-Hasan bin Sulaiman, huyo aliyejenga jumba la Husuni Kubwa, imepatikana Great Zimbabwe kwenyewe, na yule msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa 1331 akamkuta yuko kwenye kiti cha enzi. Hiyo mbona haiforwadiwi? Haina mstari wa Biblia, nadhani ndo shida.

Mwenye kitu cha karne ya 10 kabla ya Kristo kilichofukuliwa Sofala na watu wanaojua kazi yao aniletee, nitakisoma. Screenshot sitaki.