Wahunzi wa Mamba wasiachwe nje ya kilimo cha kisasa

Namshukuru mwandishi wa makala iliyowakumbuka wahunzi wa Mamba, Kilimanjaro, ila sikubaliani naye anaposema siku hizi wanafua kwa ajili ya watalii tu. Watalii wananunua mikuki. Visu vya kupogolea na mundu wa kukatia majani ya ng'ombe tunanunua sisi wakulima. Springi chakavu ya gari inatiwa motoni, mivukuto inapulizwa mpaka chuma kiwe chekundu, kisha kinafuliwa na kunolewa. Jembe la dukani likipinda kwenye mawe unabaki nalo; la mhunzi unamrudishia aliyelifua, analinyoosha ukimsubiri.

Ufundi huu unarithishwa ndani ya koo, baba kwa mwana, na hapo ndipo penye hatari, maana vijana wanakimbilia bodaboda. CAMARTEC, kituo cha serikali cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini, wako Arusha, jirani kabisa. Wawaletee wahunzi michoro ya mashine ndogo za kupandia na kupukuchua mahindi, vipuri vingine vifuliwe hapa hapa Mamba. Halmashauri nayo iwafikirie vijana wa koo hizi kwenye ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato yake inayotengewa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kabla wazee hawajaondoka na ujuzi wao.