Chupa, kibendera na hasira za Mkwakwani

Ukitaka kujua kama kijiwe cha kahawa pale Ngamiani, Tanga, kina watu wa klabu ya Coastal Union au kina wapita njia, taja Aprili 2016. Wapita njia watauliza kulikuwa na nini. Wenyewe watanyamaza kidogo, kisha wataanza kusema wote kwa pamoja.

Kwa asiyekumbuka: tarehe 24 Aprili 2016, Uwanja wa Mkwakwani, nusu fainali ya Kombe la Shirikisho, Coastal na Yanga. Coastal wakatangulia, Donald Ngoma akasawazisha, mechi ikaingia muda wa nyongeza, Amissi Tambwe akafunga la pili. Upande wa Coastal wakalia kwamba bao si halali. Kutoka jukwaani vikaanza kuruka vitu, mshika kibendera akapigwa, na mchezo ukavunjika kabla dakika hazijaisha. Yanga wakapewa nafasi ya fainali, na mwezi uliofuata wakalibeba kombe mbele ya Azam. Kama hiyo haitoshi, msimu huohuo Coastal, African Sports na Mgambo JKT zikashuka daraja kwa mpigo. Mkoa uliokuwa na timu tatu Ligi Kuu ukabaki mikono mitupu.

Tangu hapo Coastal wamerudi juu, mwaka 2022 wakacheza fainali ya kombe lilelile, mwaka 2024 wakaenda Kombe la Shirikisho Afrika. Lakini ukikaa na Wagosi wa Kaya, kama wanavyoitwa Coastal, kidonda kile bado kibichi. Sentensi mbili ndizo zinazopigana: "Tulionewa" na "Mlifanya fujo." Kila anayesema moja anaisema kana kwamba imeifuta nyingine. Kumbe ni kesi mbili. Mtu anaweza kuibiwa kuku na bado akawa na hatia ya kuchoma nyumba ya jirani.

Nianze na hii ya fujo, maana ndiyo inayonikera zaidi, na mimi ni mtu wa mzunguko, si mtu wa viti vya wageni waalikwa.

Mtazame mshika kibendera kazini. Kati ya waamuzi wote yeye ndiye aliye karibu zaidi na mashabiki, na muda wote macho yake yako uwanjani. Jukwaa analipa mgongo. Matusi anayasikia, lakini kinachorushwa hakioni mpaka kimfikie. Kazi yake ni kuangalia mguu wa mpigaji pasi na bega la beki wa mwisho kwa wakati mmoja, jambo ambalo hata kwenye marudio ya Azam TV watu wazima wanagombana nalo huku picha imesimamishwa. Akikosea, kakosea. Akinunuliwa, hilo ni kosa la jinai na lina njia yake. Katika hali zote mbili jiwe halimrekebishi. Linamtoa damu mtu mmoja na kumfunga mdomo kila aliyekuwa na hoja ya maana kuhusu bao, kwa sababu kesho yake habari haitakuwa bao tena. Itakuwa jiwe.

Wapo wanaosema mechi ile ilipaswa kurudiwa. Wananukuu Sheria ya 7 ya mchezo, na kweli inasema mechi iliyovunjika hurudiwa, isipokuwa kanuni za mashindano au waandaaji waamue vingine. Nusu ya kwanza ya sentensi hiyo nimeisikia vijiweni mara nyingi. Ya pili huliwa pamoja na kashata. Na fikiria ingerudiwa. Kila timu inayoelekea kufungwa ingekuwa na dawa yake mfukoni: chupa moja, mchezo umevunjika, tukutane Jumatano saa kumi. Sioni kamati gani ingeweza kuamua hivyo na bado ikabaki na ligi. Hapo, mgosi mwenzangu, tulipoteza kihalali hata kama bao halikuwa halali. Na kwa kushuka daraja tusiisingizie mechi ile. Kombe la Shirikisho halitoi pointi za ligi.

Halafu kuna jambo ambalo tunalichukulia kwa mzaha kwa kuwa halijatupata kwa ukubwa wake. Accra, tarehe 9 Mei 2001, Hearts of Oak walitoka nyuma na kuwafunga Asante Kotoko mabao mawili ya dakika za mwisho. Mashabiki waliofungwa wakaanza kung'oa viti na kuvirusha. Polisi wakajibu kwa mabomu ya machozi kuelekea jukwaani. Watu wakakimbilia mageti, mengine yamefungwa. Walikufa watu 127. Hakuna aliyeuawa na kiti. Waliuawa na mkanyagano, na uchunguzi uliwatupia polisi lawama kubwa kwa kutumia nguvu kupita kiasi. Hadithi hii kila upande unaipenda nusu: wenye mamlaka wanaishia kwenye viti, mashabiki wanaanzia kwenye mabomu. Lakini ni mnyororo mmoja. Kiti kilileta bomu, na bomu likakuta geti limefungwa.

Geti. Hapa ndipo naanza kuhama upande.

Miaka kadhaa nyuma nilikwenda kuangalia mechi ya ligi kwenye uwanja ambao sitautaja. Tiketi ninayo, nimefika saa nzima kabla. Milango ipo minne, uliofunguliwa ni mmoja, na huo nao umefunguliwa nusu, mtu apite kwa ubavu. Mbele yangu kulikuwa na mzee amembeba mjukuu mabegani, mtoto analia, mzee anasema "taratibu jamani, taratibu," na nyuma wanasukuma. Askari wa mgambo alipoona tunambana akachomoa fimbo na kuanza kuchapa miguu ya walio mbele, ambao ndio hasa hawakuwa na pa kwenda. Niliingia dakika ya ishirini na kitu nikiwa na kandambili moja. Sikurusha chochote siku ile, lakini nakiri kwamba kadi ya njano ya kwanza dhidi ya timu yangu niliipokea kama tusi la mama. Hasira niliyoitoa kwa refa nilikuwa nimetoka nayo getini.

Tarehe 28 Mei 2023, mkanyagano kwenye mechi ya Yanga na USM Alger Uwanja wa Mkapa uliua mtu mmoja na kujeruhi wengine zaidi ya ishirini. Fainali ya Afrika, uwanja mkubwa kuliko yote nchini. Kama pale inawezekana, mikoani tuna nini? Tunapozungumzia vurugu za mashabiki tunaanza kuhesabu tangu shabiki anaporusha. Alivyoingizwa hatuhesabu.

Na malalamiko ya kuonewa hayatoki hewani. Oktoba mosi mwaka huohuo wa 2016, Simba na Yanga, Tambwe tena. Safari hii aliushika mpira, akafunga, bao likakubaliwa. Jonas Mkude akapewa kadi nyekundu katika kulalamika, na mashabiki wa Simba wakang'oa viti. Serikali ikazizuia timu zote mbili kutumia Uwanja wa Taifa, ndio huu wa Mkapa wa sasa. Baadaye kadi ya Mkude ikafutwa. Angalia hapo: waliokuwa wakipiga kelele kwamba refa kakosea walikuwa na hoja, na hoja hiyo ikakubaliwa mezani, japo waling'oa viti. Ila Simba ana sauti. Ana wanasheria, ana vyombo vya habari vya kumpigia simu saa mbili usiku, ana wabunge wanaovaa jezi yake. Shabiki wa Coastal anatazama hilo na kujiuliza kama naye angesikilizwa.

Kisha ikaja Machi 2025. Simba walizuiwa kufanya mazoezi Uwanja wa Mkapa usiku wa kuamkia mechi ya Yanga, wakatangaza hawachezi, na Bodi ya Ligi ikaiahirisha mechi siku ileile ya tarehe 8. Ikachezwa Juni 25. Mimi sisemi Bodi ilikosea; haki ya mgeni kufanya mazoezi uwanjani ipo kwenye kanuni, na kuzuiwa si jambo dogo. Lakini Tanga swali lilikuwa jepesi: je, ingekuwa Coastal wamezuiwa mazoezi, wakatangaza hawachezi? Kila niliyemuuliza alicheka. Kicheko kile ndicho viongozi wa soka wangepaswa kukisikiliza, maana hakina ushahidi ndani yake, kina imani. Mtu aliyekwisha kuamini kwamba mizani imeinama hahitaji tena kuonyeshwa bao la kuotea. Analiona hata lisipokuwapo.

Kwa haki ya Bodi, waamuzi huadhibiwa na adhabu hutangazwa. Tunasoma kwamba fulani ameondolewa kwenye ratiba kwa mizunguko mitatu au mitano kwa kushindwa kutafsiri sheria. Lakini sentensi yenyewe ni fupi na inafanana kila mara kama muhuri. Shabiki aliyenyimwa penalti anataka kuambiwa: ile ya dakika ya 71, mwamuzi alisimama hapa, aliona hivi, alikosea au hakukosea kwa sababu hii. Pointi hazitarudi, anajua. Klabu yake ikitozwa faini anaambiwa hadi idadi ya chupa zilizorushwa. Refa akikosea anaambiwa "sheria".

Na faini nayo. Kanuni kwamba klabu inawajibika kwa tabia ya mashabiki wake ni ya dunia nzima, na bila hiyo viongozi wangekaa kando wakisema "hatuwajui hao." Sina ugomvi nayo. Ila uzito wake hauko sawa. Baada ya vurugu za Desemba 2024 kwenye mechi ya Simba na CS Sfaxien, ambamo viti vya Mkapa viling'olewa, CAF, shirikisho la soka la Afrika, iliitoza Simba dola 40,000 na mechi moja bila mashabiki. Wakacheza na CS Constantine majukwaa matupu, wakashinda 2-0, maisha yakaendelea. Sasa ichukue klabu ya mkoani, umnyime mashabiki siku Yanga au Simba anakuja. Siku hiyo ndiyo msimu wake wa mavuno. Mechi nyingine getini wanaingia watu wa kuhesabika. Adhabu jina moja, maumivu mawili.

Tena siku hizo kubwa zina ukakasi wake hapa kwetu. Mtu wa Tanga ana mapenzi mawili: Coastal au African Sports kwa damu, Simba au Yanga kwa redio ya utotoni. Yanga akija Mkwakwani nusu ya jukwaa inamshangilia yeye, na waliokaa bega kwa bega asubuhi kwenye bajaji moja wanageuka mahasimu saa kumi. Timu iliyokuwa bingwa wa nchi mwaka 1988 inajikuta mgeni uwanjani kwake. Filimbi ikipulizwa vibaya hapo haisikiki kama filimbi tu.

Hata hivyo, anayesema sisi hatujui kufungwa nampinga. Julai 2, 2022, Arusha, fainali, Yanga tena. Sare ya 3-3, Abdul Suleiman Sopu kafunga yote matatu, tukapoteza kwa penalti. Kilichozungumzwa Ngamiani wiki nzima ni Sopu. Shabiki anaweza kumeza kipigo. Kinachomkwama ni kutoelewa kapigwaje.

Kwa hiyo nasimama wapi? Kwenye jiwe sina huruma: kamera zielekezwe jukwaani kama zinavyoelekezwa golini, aliyerusha atafutwe yeye, apelekwe mahakamani kwa jina lake, na azuiwe kuingia uwanjani. Hilo litapunguza kuwaadhibu elfu kumi kwa mkono wa mmoja. Ila mkiniuliza kipi kianze, nitasema mageti yafunguliwe yote na maelezo ya waamuzi yatolewe kwa urefu. Si kwamba mashabiki wanastahili kubembelezwa. Hivi viwili viko mikononi mwa watu wanaojulikana, wenye ofisi, na hasira ya jukwaani haina ofisi.

Juzi nilimsimulia haya dereva wa bajaji aliyekuwa akinirudisha Chumbageni. Akacheka, akasema yeye aliwahi kurusha chupa, mechi hakutaja ipi.

"Ikampata refa?"

"Wapi, kaka. Ilimpata kijana wa karanga, pale chini. Sinia lote likamwagika."

"Ukafanyaje?"

"Nikashuka kumsaidia kuokota. Nikamlipa elfu tatu. Mwana wa Makorora, namjua mpaka kwao." Akakata kona, akaongeza, "Refa mwenyewe alishaondoka na gari la polisi."