Utata wa bima ni mzigo wa aliyeshika kalamu

Kampuni za bima zina lalamiko la miaka mingi: kwamba mahakama zinawaandikia mikataba upya. Kifungu kikibeba maana mbili, jaji huchukua inayomfaa mteja, na hesabu za kampuni zinavurugika. Lalamiko lina ukweli wake, ila linaruka swali la kwanza: nani alikiandika?

Miaka ya 1950 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ililetewa kesi ya gari la watu watano lililopata ajali likiwa na watu sita. Kampuni ilikataa kulipa, ikidai bima haihusu gari lililobeba mzigo mkubwa kuliko lilivyoundiwa. Kwani abiria ni mzigo? Majaji wakakataa: kifungu hicho, walisema, kinafaa malori na magari yaliyopangiwa uzito wa kubeba. Na kama shaka ingebaki, ingeiumiza kampuni, maana kifungu ni chake. Jaji mmoja aliongeza kuwa kifungu cha kumvua dereva kinga lazima kiwe wazi, ajue bima yake inaishia wapi.

Maneno mawili tu, "wala abiria", yangeizuia kesi nzima. Mteja hakuwa na namna ya kuyaongeza. Yeye hupewa fomu iliyokwisha kuchapwa, asaini au aende zake. Mwenye wanasheria, na rundo la madai ya zamani yanayoonyesha ni neno gani huzua ugomvi, ni kampuni. Sheria ya Uingereza ya 2015 inasema wazi kwamba katika utata, maana inayomfaa mlaji ndiyo inayoshika.

Ni kweli ada hukokotolewa kwa hatari iliyoandikwa, na fidia isiyotarajiwa huishia kulipwa na wateja wengine. Jaji anayebuni utata pasipo na utata anastahili lawama.

Lakini maandishi yaliyonyooka huilinda kampuni pia. Minara ya New York ilipoangushwa 2001, ubishi ulikuwa kama ndege mbili ni tukio moja au mawili, kila tukio likiwa na kikomo cha fidia cha dola bilioni 3.5 hivi. Baadhi ya kampuni zilifungwa na fomu ya dalali wa mteja mwenyewe, iliyofafanua "tukio", na kwao shambulio likahesabiwa tukio moja. Tisa nyingine, ambazo fomu zao hazikulifafanua neno hilo, ziliambiwa mwaka 2004 kuwa yalikuwa mawili.